Kabla ya Kumnunulia Mtoto Vidonge vya Umakini

Mwalimu akishalalamika kwamba mtoto hatulii darasani, anaanza kazi haimalizi na kila wiki kapoteza daftari, wazazi wengi hukimbilia duka la dawa. Wanatoka na mafuta ya samaki, zinki, chuma, au chupa yenye vyote hivyo na picha ya mtoto anayetabasamu. Ninapoulizwa kama vinamsaidia mwenye tatizo la umakini na utukutu uliokithiri, yaani ADHD, nami huuliza: mtoto amepungukiwa na nini?

Mafuta ya samaki hayanichukui muda. Mwaka 2023 wachambuzi wa Cochrane waliyakusanya upya majaribio yaliyofanywa kwa watoto wenye ADHD. Kwa tathmini ya wazazi, waliokunywa mafuta hayo na waliopewa kidonge kitupu hawakutofautiana kwa umakini wala utukutu. Hayana madhara makubwa, lakini kwa bei ya chupa moja familia inakula vibua na dagaa siku nyingi.

Zinki ina kisa chake. Majaribio ya Uturuki na Iran, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha nafuu. La Marekani la mwaka 2011 halikuonyesha nafuu ya wazi. Nadhani tofauti iko kwenye sahani: palipo na upungufu, kuujaza kunaonekana.

Chuma ndicho kinachostahili mjadala. Ubongo unakihitaji kutengeneza dopamini, kemikali ileile inayoguswa na dawa za ADHD. Mwaka 2004 Eric Konofal na wenzake jijini Paris walipima feritini, yaani akiba ya chuma mwilini. Kati ya watoto 53 wenye ADHD, asilimia 84 walikuwa na akiba ndogo; kati ya 27 wasio na tatizo hilo, asilimia 18 tu. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na akiba ndogo peke yake haithibitishi kwamba ndiyo iliyoleta utukutu.

Kwa nini basi tusimpe kila mtoto chuma, tukamaliza? Pemba imeshatujibu. Huko huko, jaribio lililochapishwa mwaka 2001 lilionyesha kwamba chuma kiliinua ukuaji wa lugha na wa viungo kwa watoto wadogo wengi wao wakiwa na upungufu wa damu. Lakini katika jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2006, watoto wa chini ya miaka mitatu waliopewa chuma na asidi ya foliki bila kuchaguliwa walilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao, hata sehemu hiyo ya utafiti ikasitishwa. Malaria ilikuwa imeenea kisiwani. Waliokuwa na upungufu wa kweli, wakafuatiliwa na kutibiwa malaria, walinufaika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka chuma, katika maeneo ya malaria, kiambatane na kinga na tiba ya ugonjwa huo.

Kwa hiyo mtoto apimwe. Wingi wa damu peke yake hautoshi, kwani damu inaweza kuwa sawa huku akiba imekauka. Feritini nayo hupanda mwili unapopambana na maambukizi, hivyo kipimo kilichochukuliwa wakati wa homa kinaweza kuficha upungufu. Minyoo itibiwe, la sivyo chuma kinaingia huku damu inavuja kule. Nyumbani, chai ya rangi isiambatane na chakula, maana inazuia chuma kufyonzwa. Mboga za majani zikamuliwe ndimu.

Kama daktari ameshamwandikia dawa ya ADHD, msiiache kwa sababu ya chupa ya vitamini. Na vidonge vya chuma vifungiwe kabatini: kidonge cha kawaida cha miligramu 200 kina chuma halisi kama miligramu 65, na vinne tu vinatosha kuanza kumdhuru mtoto wa kilo 12.