Mbegu za pori hazizeeki namna moja

KIRUNGU – Mvua ikikolea huku juu, masuku yanaiva mu pori, watoto wanarudi wameshiba na mbegu zinatupwa njiani. Halafu mtu anapata wazo zuri: azikusanye, azikaushe juani, azifunge mu sashe mpaka mwaka kesho, apande misuku nyuma ya nyumba. Mwaka kesho anapanda. Anangoja. Hakuna kinachotoka. Jirani watasema udongo umechoka, ao mkono wake ni mbaya. Hapana. Mbegu zilikufa zamani, na ni lile jua ndilo liliziua.

Mbegu ya musuku inaishi kwa maji yaliyo ndani yake. Ikikauka imekwisha, hata uimwagilie namna gani. Mwaka 1973 mtaalamu Mwingereza, E. H. Roberts, aligawanya mbegu mafungu mawili: zinazokubali kukauka na kuwekwa, na zinazokataa. Musuku unakataa. Kula tunda, osha mbegu, panda mu siku chache, na udongo uuchote chini ya musuku mkubwa: mna kuvu, ndugu za uyoga wetu, zinazolisha mizizi.

Mupapa, ule Watanzania wanauita mkongo, ni kinyume kabisa. Mbegu yake nyeusi yenye kofia nyekundu inakauka bila kuumia, na isipoliwa na wadudu inangoja miaka. Shida yake ni ganda gumu, maji hayaingii upesi. Likwaruze kidogo kwa kisu, upande usio na kofia, kisha lowesha usiku mmoja.

Kwa mbegu za namna hii kuna hesabu ya Mmarekani Harrington: ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake yanakuwa mara mbili, ukipunguza joto kwa digrii 5 hivi, vilevile. Frigo si lazima. Chupa kavu yenye kifuniko, makala makavu kidogo ndani, mahali penye giza na ubaridi. Mama wengi wanatundika mbegu juu ya jiko. Moshi unafukuza wadudu, ni kweli, lakini joto linaizeesha mbegu. Na ukiwa na mashaka na mbegu ya zamani, funga 20 mu kitambaa chenye maji. Zikiota 5 tu, utajua upande mara nne ya ulivyofikiri.

Sasa miombo yenyewe, miti ya makala. Maganda yake yanapasuka mwisho wa kiangazi, mbegu zinaota na mvua za kwanza, zingine zinaliwa ao kuoza. Huko Michigan, Marekani, profesa W. J. Beal alizika chupa za mbegu za magugu mwaka 1879. Mwaka 2021 ilifukuliwa moja, na zingine zikaota. Miombo haina akiba kama ile chini ya udongo. Pori letu linarudi hasa kwa visiki na mizizi. Anayekata mti akaacha kisiki kizima, atakuta machipukizi. Lakini kisiki kikichomwa na kung'olewa juu ya shamba la mahindi, hakuna mbegu inayolala pale chini. Itabidi itoke kwa miti mikubwa iliyobaki karibu, kama ingaliko.