Jicho Haliishii Kuona, Huuongoza Ubongo Kutambua Usiku na Mchana

Jicho la binadamu lina kazi mbili. Ya kwanza, inayofahamika kwa wote, ni kuona. Ya pili ni kuujulisha ubongo kama ni usiku au mchana, na kazi hiyo hutegemea seli maalumu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa seli zinazohisi mwanga ndani ya jicho ni za aina mbili tu: zinazowezesha kuona gizani na zinazotambua rangi. Mwaka 2002, David Berson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown nchini Marekani walionesha kuwa ipo aina ya tatu. Seli hizo, ambazo ni chache, zina protini iitwayo melanopsini, inayoitikia zaidi mwanga wa buluu.

Seli hizo hupeleka taarifa kwenye kundi dogo la seli za neva ndani ya ubongo, ambalo ndilo saa kuu ya mwili. Mchana, kundi hilo hutoa mapigo mengi ya umeme, usiku hupungua. Mdundo huo huratibu usingizi, joto la mwili na utoaji wa homoni ya melatonini. Kwa kuwa mzunguko wake wa asili huzidi kidogo saa 24, saa hiyo huhitaji kurekebishwa kwa mwanga kila siku.

Ndiyo maana baadhi ya watu wasioona huendelea kulala na kuamka kwa wakati, kwa sababu seli hizo bado ni nzima. Wale ambao macho yao hayapokei mwanga kabisa, saa yao huweza kuchelewa kila siku, hata usingizi ukawajia mchana. Hivyo, mgonjwa anayeshauriwa kuondolewa jicho lisiloona anapaswa kumuuliza daktari iwapo bado linahisi mwanga.

Kwa wanaoona, tatizo huwa mwanga mkali wa usiku, ukiwamo wa simu, ambao huufanya ubongo uchelewe kujiandaa kulala. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 likathibitisha uamuzi huo.

Wananchi wanashauriwa kupata mwanga wa jua asubuhi, kupunguza mwanga kabla ya kulala, na kumwona daktari usingizi unapovurugika kwa muda mrefu.