Sanduku la Funguo Tatu, Hesabu za Simu Moja

Vikundi vya kuweka na kukopa vya Bukoba na Muleba vilikwisha kulijibu zamani swali la nani aaminiwe na fedha za wenzake: asiaminiwe mmoja. Sanduku la chuma likatiwa kufuli tatu, funguo zikakabidhiwa wanachama watatu, na halifunguliwi mpaka kikao kikae. Ajabu ni kwamba kikundi hichohicho kikihamishia hesabu kwenye simu, iwe kwa programu ya vikoba au kwa jedwali la Excel, hisa na madeni ya wote huishia katika simu ya katibu, nyuma ya nywila anayoijua peke yake. Fedha zina walinzi watatu. Kumbukumbu ya kwamba fedha hizo ni za nani haina hata mlinzi wa pili.

Watetezi wa simu watasema daftari nalo lilikuwa moja, likiliwa na mchwa limekwisha. Si kweli. Karatasi ilikuwa na nakala nyingi bila mtu kuziita nakala. Kila mwanachama alikuwa na kitabu chake chenye mihuri ya hisa, katibu alikuwa na leja, na salio lilisomwa kwa sauti mbele ya kikao. Leja ikipotea, vitabu vya wanachama vilitosha kuiandika upya. Kwa tabu, lakini iliandikika. Programu inapoingia, kitu cha kwanza kuachwa ni vile vitabu, maana kuandika mara mbili kunachosha. Tunapata hesabu isiyokosea kujumlisha, tunapoteza nakala tulizokuwa nazo. Sisemi turudi kwenye karatasi. Nasema nakala ambazo karatasi ilizizaa yenyewe, simu haizizai mpaka mtu aamue kuzitengeneza, na hilo linamhusu pia mwenye duka wa Kashai au mkulima wa Kamachumu anayeweka mapato na madeni yake kwenye programu bila kikundi chochote.

Nakala hiyo ikae wapi ni jambo ambalo Kagera haina haja ya kufundishwa. Tetemeko la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17, likabomoa na kupasua nyumba kwa maelfu, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikalazimika kufungwa. Mwenye kompyuta mezani na flashi kwenye droo ya meza hiyohiyo hana nakala mbili siku ukuta unapoanguka. Kwa mvuvi wa Goziba au Bumbire hata tetemeko halihitajiki, simu ikiteleza mfukoni imekwenda ziwani. Nakala ya akiba ni ile iliyo chini ya paa jingine, ikiwezekana katika mji mwingine: kwa ndugu aliyeko Mwanza, au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Pingamizi la kwanza ni kwamba benki na kampuni za simu zinatunza kumbukumbu zetu, kwa hiyo tunajisumbua bure. Zinatunza, ila zinatunza miamala, hazitunzi maana yake. Taarifa ya akaunti itaonyesha shilingi 300,000 zimetoka; haitasema zilikuwa karo, mkopo kwa shemeji, au malipo ya kahawa iliyonunuliwa ikiwa bado ua mtini, ile butura inayopigwa marufuku na bado inaendelea. Tena mwenye kututunzia naye hufa. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano, mojawapo ikiwa Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera, na fidia ya Bodi ya Bima ya Amana wakati huo ilikuwa na ukomo wa shilingi 1,500,000. Siku kama hiyo, mteja mwenye hesabu zake mwenyewe ana cha kulinganisha na anachoambiwa.

Wengine hutegemea programu inayojioanisha na mtandao. Hiyo ni nusu ya kinga. Katibu akifuta mstari kwa bahati mbaya, au kwa makusudi, ufutaji huo nao unapanda mtandaoni. Bora kuwa na nakala ya kila mwezi isiyoguswa tena. Mtandao wenyewe nao hukatika: Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania iliona intaneti ikidhoofika kwa siku kadhaa. Programu nazo huzeeka: Microsoft iliacha kuuza Microsoft Money mwaka 2009, na faili zake hazifunguki katika programu yoyote tu. Kwa hiyo nakala itolewe katika jedwali la kawaida, au ichapwe.

Pingamizi zito ni la siri, na silibezi. Orodha ya wadaiwa ikizagaa kwenye kundi la WhatsApp inavunja undugu, na tangu mwaka 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini siri inadai nakala ifungwe kwa nywila, haidai kusiwe na nakala. Nywila yenyewe iandikwe, itiwe kwenye bahasha, bahasha iingie ndani ya lile sanduku.

Kinachobaki ni kazi ya dakika chache ambayo wengi huikwepa: kuifungua nakala kwenye simu nyingine ili kuona kama ina kitu. Wakati wake mzuri ni kikao cha kabla ya mgao. Mwanachama asiye kiongozi aifungue kwenye simu yake mbele ya wenzake, asome hisa zake na deni lake kwa sauti. Zikitofautiana na za katibu, mgao usubiri.