Droni juu ya mtaa wako: Je, umripoti jirani au unyamaze?

Na MWANDISHI WETU

MLIO wa droni, zile ndege ndogo zisizo na rubani, umekuwa jambo la kawaida katika mitaa ya Nairobi, hasa siku za harusi, mechi na mapumziko ya wikendi. Baadhi ya wanaozirusha ni wapigapicha wenye vibali na mafunzo. Wengine ni vijana waliopata chombo hicho kutoka kwa ndugu aliye ng’ambo, nao hukirusha kwa kujifurahisha tu, pengine bila kufahamu kwamba kuna sheria inayohusu jambo hilo.

Swali linalowakabili wakazi wengi ni hili: mwananchi akiona droni ikiruka mahali anapoamini kwamba haistahili kuruka, afanye nini? Apige simu polisi, abishe hodi kwa jirani, au ajifanye hakuona?

Wapo wanaoshikilia kwamba sheria ni sheria na anayeivunja aripotiwe mara moja. Wapo pia wanaonyamaza kwa kuogopa kuitwa wachongezi, au kwa hofu kwamba mtoto wa jirani ataishia korokoroni na wazazi wake kulazimika kutafuta hongo kwa sababu ya mchezo. Pande zote mbili zina hoja, na matukio ya miaka ya karibuni katika nchi za nje yanaonyesha kwamba kunyamaza kunaweza kuleta maafa, na kuripoti ovyo kunaweza kumharibia maisha mtu asiye na hatia.

SHERIA INASEMAJE?

Kanuni za Kenya kuhusu ndege zisizo na rubani zilianza kutumika Machi 2020. Kabla ya hapo, kwa miaka kadhaa, raia wa kawaida hakuwa na njia rahisi ya kurusha droni kihalali. Kanuni zilizoandaliwa mwaka 2017 zilibatilishwa na Bunge mwaka uliofuata, na wapenzi wa vyombo hivyo wakabaki gizani.

Kwa mujibu wa kanuni za sasa, mwenye droni anatakiwa kuisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA, na anayeiingiza kutoka nje anahitaji kibali. Mmiliki awe ametimiza umri wa miaka 18. Chombo hakiruhusiwi kupanda zaidi ya futi 400, yaani takriban mita 120 kutoka ardhini, wala kukaribia watu, magari au majengo yasiyohusika kwa umbali wa chini ya mita 50.

Aidha, bila idhini maalumu, droni haitakiwi kurushwa ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege, au kilomita 7 kutoka viwanja vidogo. Mwenye droni iliyofungwa kamera naye anatakiwa kuheshimu faragha ya watu na mali zao.

Ukichukua ramani ya Nairobi na kuchora duara kuzunguka Uwanja wa Wilson, Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta na kambi ya wanahewa ya Moi iliyoko Eastleigh, utagundua kwamba sehemu kubwa ya jiji inaingia ndani ya maduara hayo. Wilson peke yake uko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, na umezungukwa na Lang’ata, Kibera na Nairobi West.

Kwa hivyo, droni nyingi unazoziona katika mitaa hiyo haziwezi kuruka kihalali bila idhini. Lakini idhini ni karatasi iliyo mfukoni mwa mrushaji, na mtu aliyesimama barazani hawezi kuiona. Hapo ndipo ugumu wa suala hili unapoanzia.

KWA NINI UMBALI NI MUHIMU

Huenda msomaji akajiuliza ni kwa nini sheria inajali umbali kutoka uwanjani wakati droni tayari imewekewa kikomo cha mita 120. Jibu liko katika hesabu ya jinsi ndege zinavyotua.

Ndege kubwa ya abiria kwa kawaida huteremka kwa mwinamo wa nyuzi tatu hivi. Kwa mwinamo huo, ikibakiza kilomita mbili kufika kwenye njia ya kutua, huwa iko takriban mita 100 tu juu ya ardhi. Droni iliyo mita 120 mahali hapo inaweza kuwa juu ya ndege yenyewe, ingawa haijavuka kikomo cha kimo. Ukiongeza helikopta na ndege ndogo za mafunzo, ambazo huzunguka karibu na uwanja zikiwa chini chini, utaelewa ni kwa nini eneo la tahadhari limepanuliwa.

Anga ya Wilson ina msongamano hata bila droni. Mnamo Machi 5, 2024, ndege ya abiria ya shirika la Safarilink na ndege ndogo ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na watu wawili waliokuwa katika ndege ya mafunzo wakafariki dunia. Ndege zote mbili zilikuwa na marubani wenye redio. Mrushaji wa droni hana redio hiyo, na rubani hawezi kuiona droni kwa wakati.

Kisa kilichotokea Los Angeles, Marekani, Januari 2025 ni mfano mwingine. Mioto mikubwa ilipokuwa ikiteketeza mtaa wa Palisades, mwanamume mmoja alipanda kwenye jengo la kuegesha magari mjini Santa Monica akarusha droni yake kwenda kutazama uharibifu. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuruka katika eneo hilo. Droni ilisafiri zaidi ya kilomita mbili, mwenyewe asiione tena, ikagonga bawa la ndege ya kuzima moto iliyotoka Quebec, Kanada, na kulitoboa.

Ndege hiyo ilitua salama, lakini ilibidi iondolewe kazini ili itengenezwe, wakati nyumba zikiendelea kuungua. Wachunguzi walimfikia mwanamume huyo kwa kutumia vipande vya droni. Alikiri kosa na kukubali kulipa zaidi ya dola 65,000 za matengenezo na kufanya kazi za jamii kwa saa 150.

Mnamo Septemba 21, 2017, droni iligonga helikopta ya jeshi aina ya Black Hawk karibu na Staten Island, New York. Mwenyewe alikuwa umbali wa takriban kilomita nne. Hakujua kwamba urushaji ulikuwa umezuiwa kwa ajili ya mkutano wa Umoja wa Mataifa, na hakujua hata kwamba amegonga helikopta mpaka wachunguzi walipomtafuta. Hakuwa mhalifu aliyekusudia kuua. Hakuwa na habari tu. Laiti mtu aliyemwona angemweleza mapema, huenda ajali hiyo isingetokea.

JICHO LINAPODANGANYA

Hata hivyo, kabla ya kuinua simu, msomaji hana budi kukumbuka yaliyotokea Uingereza.

Usiku wa Desemba 19, 2018, ilidaiwa kwamba droni zimeonekana katika uwanja wa ndege wa Gatwick, kusini mwa London. Uwanja ulifungwa, ukafunguliwa na kufungwa tena mara kadhaa kwa zaidi ya siku moja. Takriban safari 1,000 zilifutwa au kuelekezwa kwingine, na abiria wapatao 140,000 wakakwama siku chache kabla ya Krismasi.

Polisi walipokea taarifa zaidi ya 100 za watu waliosema wameona droni. Licha ya wingi huo wa mashahidi, haikupatikana picha ya kuaminika, na uchunguzi ulifungwa mwaka 2019 bila mtu yeyote kushtakiwa.

Katika joto hilo, mume na mke waliokuwa wakiishi karibu na uwanja walikamatwa nyumbani kwao na kuzuiliwa kwa saa 36. Majina na picha zao zilichapishwa magazetini. Baadaye ilibainika kwamba hawakuwa na droni, na kwamba wakati droni zikidaiwa kuonekana walikuwa kazini. Mwaka 2020, polisi wa Sussex walikubali kulipa pauni 200,000, zikiwa fidia na gharama za mawakili. Fedha zililipwa, lakini jina lililokwisha kuchafuliwa mbele ya dunia nzima halisafishwi kwa hundi.

Mwishoni mwa mwaka 2024, jimbo la New Jersey nchini Marekani lilikumbwa na wimbi jingine la hofu. Shirika la upelelezi la FBI lilipokea taarifa zaidi ya 5,000 za droni za ajabu, na zilizoonekana kustahili kufuatiliwa hazikufika 100. Serikali ilieleza kwamba vitu vilivyoonekana vilikuwa mchanganyiko wa droni halali, ndege za kawaida, helikopta na hata nyota. Maofisa walilazimika kuwaonya raia waache kuzielekezea miale ya leza, kwa sababu baadhi ya “droni” hizo zilikuwa ndege zilizobeba watu.

Ni kwa nini watu wengi hukosea? Angani hakuna kitu cha kupimia. Droni yenye upana wa sentimita 30 ikiwa mita 100 juu yako huonekana sawasawa na droni ya sentimita 60 iliyo mita 200 juu. Ya kwanza iko ndani ya sheria, ya pili imeivunja, na jicho haliwezi kuzitofautisha. Usiku ni vigumu zaidi, kwa kuwa taa ya ndege iliyo mbali na inayokujia moja kwa moja huonekana kama imesimama.

NANI ARIPOTIWE?

Kutokana na visa hivi, mwananchi anaweza kujiwekea kipimo chenye ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni hatari ya papo hapo. Droni iliyo kwenye njia ya ndege zinazopaa au kutua, inayoruka juu ya umati, au inayozunguka mahali ambapo wazima moto na waokoaji wanafanya kazi, iripotiwe bila kusita. Hapa hakuna haja ya kuuliza kama mrushaji ana kibali. Mwenye kibali atakionyesha, naye atakuwa hajapoteza chochote ila dakika chache.

Ngazi ya pili ni kosa linalotokana na kutojua. Kijana anayerusha droni ndogo katika uwanja wa mtaa, huku akiitazama, kwa kawaida anahitaji mtu mzima wa kumwambia: “Mwanangu, unajua hapa tuko karibu na Wilson?” Wengi wataishusha papo hapo. Anayeelezwa leo na kesho akarudia hawezi tena kusema hakujua, na hapo kumpeleka mbele ya mamlaka si uchongezi.

Ngazi ya tatu ni faragha. Droni inayosimama mara kwa mara mbele ya dirisha la chumba cha kulala ni jambo zito hata kama haijavuka kimo wala umbali wowote kutoka uwanjani. Kama mwenyewe anajulikana, mazungumzo mbele ya viongozi wa mtaa yanaweza kutosha. Asipojulikana, au akikaidi, mlalamishi ana haki ya kwenda polisi.

Lakini kukerwa na mlio peke yake, au uhasama wa zamani baina ya majirani, si sababu ya kudai kwamba usalama wa anga umevunjwa.

ELEZA ULICHOKIONA

Anayeripoti ataje saa, mahali aliposimama, upande droni ilikotoka na ilikoelekea, muda iliokaa angani, na ndege yoyote iliyokuwa karibu. Akiweza kupiga picha inayoonyesha pia jengo au mti wa kulinganishia ukubwa, taarifa yake itakuwa na uzito zaidi. Kituo cha polisi kilicho karibu na KCAA ndiko kunakostahili kupelekwa habari hizo.

Jina la jirani lisitajwe kama mkosaji iwapo hakuonekana akiwa ameshika kidhibiti mkononi. Kusema “nimeona droni ikitokea upande wa jengo lile” ni ushahidi. Kusema “ni yule kijana wa ghorofa ya tatu, maana anapenda sana vyombo vya umeme” ni dhana, na dhana ndiyo iliyowatesa wale wawili wa karibu na Gatwick. Vilevile, kusambaza picha ya mtu katika mitandao ya kijamii kabla ya uchunguzi ni kumhukumu bila kumsikiliza.

Isitoshe, mtu asijaribu kuitungua droni kwa jiwe au manati. Ikianguka inaweza kumuumiza mpita njia, na aliyeitungua akajikuta ndiye mshtakiwa.

Wapenzi wa droni wenyewe wana sababu kubwa kuliko raia wengine ya kukemeana. Wanakumbuka miaka ya kabla ya 2020, walipokuwa na vyombo lakini hawana ruhusa. Ajali moja juu ya Wilson inaweza kuwarudisha huko, na marufuku haitamtenga mzembe na mwangalifu. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, huoza wote. Anayemwambia mwenzake ashushe droni yake analinda ruhusa yao wote wawili, pamoja na maisha ya abiria ambao hawajui kabisa kwamba chini yao kuna mtu anayecheza.