Ngoma ni Kazi: Tupatane Kabla ya Kucheza

Wazee walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Zamani ngoma ilipochezwa kijijini, wachezaji walikula na kunywa pamoja na wenzao. Huko Iringa walipewa ulanzi. Huko Rungwe, mkoani Mbeya, wapigaji wa ing'oma walipewa kimpumu. Aliyetunza leo, kesho naye alitunzwa. Hakuna aliyepunjika.

Siku hizi mambo yamebadilika. Ngoma huitwa mjini, kwenye harusi, mikutano na hoteli. Watazamaji wengine hulipa kiingilio. Wengine hupiga picha za video na kuziuza. Lakini mara nyingi mchezaji hupewa soda na kuambiwa asante.

TUPIGE HESABU

Tuseme watu 15 wanatoka Rungwe kwenda kucheza Mbeya mjini. Wamelipwa shilingi 195,000. Fedha hizo zinaonekana nyingi. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 8,000 kwa kila mtu. Jumla ni 120,000. Chakula ni shilingi 3,000 kwa kila mtu. Jumla ni 45,000. Zinabaki shilingi 30,000. Kila mtu anapata shilingi 2,000, na ameacha shamba lake siku mbili. Tena ngozi ya ngoma ikipasuka, nani atanunua nyingine?

SAUTI HUDUMU

Mwaka 1950, Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi nyimbo za makabila mengi. Alirekodi pia Wahehe wa Iringa wakipiga ligombo, chombo chao cha nyuzi. Sauti hizo zimehifadhiwa Afrika ya Kusini, na watu wa nchi za mbali huzisikiliza hata leo. Mtu hufa, sauti yake hubaki. Kwa hiyo anayetaka kurekodi ngoma yako anachukua kitu cha kudumu. Ulizeni mapema kitatumikaje.

SHERIA IPO

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mchezaji. Mtu haruhusiwi kurekodi mchezo wako na kuuza bila ruhusa yako. Ngoma za asili zenyewe ni mali ya jamii. Anayetaka kuzitumia kwa biashara, nje ya mila zake, anapaswa kupata kibali. Kazi ya kutoa kibali hicho imepewa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Ukitaka msaada, anza kwa Afisa Utamaduni wa wilaya yako.

ANDIKENI MAPATANO

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma na kuandika. Itumie elimu hiyo. Kabla ya safari andikeni mambo haya:

1. Tutacheza wapi, siku gani, kwa saa ngapi?
2. Nani atalipa nauli, chakula na malazi?
3. Malipo ni kiasi gani? Nusu italipwa lini kabla ya safari?
4. Je, ngoma itarekodiwa? Malipo yake ni yapi?

Pande zote mbili zitie sahihi. Kila upande ubaki na nakala yake.

Haki ianze pia ndani ya kikundi. Mapato yasomwe mbele ya wote, wanawake kwa wanaume, waimbaji kwa wapigaji. Kiongozi anayeficha alicholipwa naye anawapunja wenzake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na ngoma ni mali.