Mwezi mkubwa mkesha wa Krismasi: Watoe watoto nje, lakini chunga ufukweni

Alfajiri ya Desemba 24, 2026 mwezi utakuwa mpevu na wakati huohuo utakuwa karibu mno na Dunia. Umbali wake wa wastani ni kilomita 384,400, lakini siku hiyo utakuwa chini ya kilomita 357,000. Watoto wako likizo, hivyo hakuna wa kuwahishwa kitandani.

Hakuna kifaa kinachohitajika. Tofauti na jua, mwezi hauumizi macho hata mtoto akiutazama kwa muda mrefu. Jioni ya Desemba 23 utachomoza karibu na saa ya jua kuzama, na ya tarehe 24 utachelewa kidogo. Tafuteni uwazi upande wa mashariki, ukiegemea kaskazini: uani, barazani au juu ya paa la ghorofa lenye ukuta wa kuzuia watoto. Zimeni taa za nje. Mawingu yakitanda, subirini au mjaribu usiku wa pili.

Mtoto atauliza kwa nini mwezi ni mkubwa hivyo. Majibu ni mawili. Kwanza, njia ya mwezi kuzunguka Dunia si duara kamili, hivyo huna siku za kuwa karibu na siku za kuwa mbali. Ukiwa karibu kabisa, huonekana mkubwa kwa takriban asilimia 14 na hung'aa zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko mwezi mpevu ulio mbali kabisa.

Pili, macho hudanganya. Mwezi unaochomoza nyuma ya minazi au nyumba huonekana mkubwa kuliko ukiwa utosini. Mwambie mtoto anyooshe mkono na kuuziba mwezi kwa ukucha wa kidole kidogo. Arudie baada ya saa tatu: ukucha uleule utauziba tena.

Yale mabaka meusi ni nyanda za miamba ya volkano iliyoganda zamani sana. Kwenye mojawapo ndipo walipotua Neil Armstrong na Buzz Aldrin Julai 1969.

Anayetaka picha azime flashi, aguse mwezi kwenye kioo cha simu kisha apunguze mwanga. Baada ya picha mbili tatu, simu iwekwe ndani.

Kwa familia za pwani na zinazokwenda kula sikukuu huko, kuna jambo zito zaidi. Mwezi mpevu huleta bamvua, na ukiwa karibu hivi, maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Katika pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3 nyakati za bamvua, na kilele chake huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, yaani Krismasi yenyewe na siku inayofuata.

Asubuhi maji yatapwa mbali, na watoto watavutiwa kufuata kaa na konokono hadi miambani. Yakianza kurudi, hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yao, na njia ya kurudi hukatika. Waulizeni wavuvi saa ya maji kujaa kabla ya kuingia, na mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu: kuwaangalia watoto.

Usiku mkirudi salama, kaeni nje na bibi au babu. Mbalamwezi ipo, kilichobaki ni hadithi.