Kigurudumu kizito si dawa ya fimbo ndefu ya kuvulia

UVUVI katika Ziwa Victoria umezoeleka kuwa kazi ya nyavu, mitumbwi na taa zinazomulika dagaa usiku. Hata hivyo, juu ya miamba iliyolipa Jiji la Mwanza sifa yake, kuanzia Capri Point hadi Bwiru, upo uvuvi mwingine wa kimya zaidi. Ni uvuvi wa mshipi, ndoano na chelezo, yaani kile kiboya kidogo kinachoelea juu ya maji na kuzama pale samaki anapogusa chambo.

Kwa miaka mingi zana ya uvuvi huo ilikuwa mwanzi uliofungwa mshipi nchani. Mwanzi hauna kigurudumu, hauna breki, na mshipi wake hauzidi sana urefu wa mwanzi wenyewe. Anayetaka kurusha chelezo mbali zaidi, au kumpa samaki mkubwa nafasi ya kukimbia bila kukata mshipi, hulazimika kununua fimbo ya kisasa yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanunuzi wengi hulijibu vibaya: ni kigurudumu gani kinacholingana na fimbo ipi?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba fimbo ndefu inahitaji kigurudumu kizito ili ncha isiinamie majini. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu. Mnunuzi anayelifuata bila kupima huondoka dukani na mzigo utakaomchosha mkono kabla jua halijapanda, na fedha aliyolipa kwa uzito huo hairudi.

Urefu wa fimbo huamuliwa na ukingo

Kabla ya kufikiria kigurudumu, mvuvi anapaswa kujua atasimama wapi. Ukingo wa ziwa Mwanza si wa namna moja. Kwenye miamba, maji huwa na kina hatua chache kutoka jiwe lilipoishia, na fimbo ya mita 3 hutosha. Kwenye fukwe zenye mafunjo, matete au magugu maji, ambayo yamekuwa kero ziwani tangu mwisho wa miaka ya 1980, mvuvi huhitaji fimbo inayokaribia mita 4 ili mshipi uvuke mimea hiyo na kufika kwenye maji yaliyo wazi.

Tofauti hiyo ya mita 1 ni suala la afya. Mwenye fimbo fupi kwenye ukingo wenye mimea hushawishika kuvua viatu, kukunja suruali na kuingia majini hadi magotini. Mwambao wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yaliyoathiriwa zaidi na kichocho cha tumbo. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji matulivu yenye majani, huogelea, kisha hupenya ngozi ya binadamu aliyesimama majini. Ugonjwa huo unatibika kwa vidonge vya prazikwanteli, lakini anayerudi kusimama majini huweza kuambukizwa tena. Mbali na kichocho, wapo pia mamba na viboko katika baadhi ya sehemu za ziwa.

Kwa hiyo fimbo inapaswa kumwezesha mvuvi kubaki nchi kavu. Urefu ukishaamuliwa kwa kigezo hicho, ndipo kigurudumu kinapotafutwa.

Hesabu ya mzega

Anayetaka kuelewa mizani ya fimbo na amtazame mchukuzi wa maji mwenye mzega begani. Ndoo ya mbele ikiwa nzito kuliko ya nyuma, mchukuzi ana njia mbili za kusawazisha: kuongeza maji ndoo ya nyuma, au kuusogeza mzega ili upande wa nyuma uwe mrefu zaidi. Njia ya kwanza humwongezea mzigo. Ya pili haimwongezei chochote.

Fimbo ya kuvulia hufuata kanuni hiyo hiyo. Bega ni mkono wa mvuvi, ndoo ya mbele ni uzito wa fimbo kuelekea nchani, na ndoo ya nyuma ni kigurudumu. Nguvu inayoinamisha ncha hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa umbali wake kutoka mkononi.

Tuchukue mfano wa fimbo ya mita 4 yenye uzito wa gramu 200, ambayo ikilazwa juu ya kidole bila kigurudumu hutulia sentimita 130 kutoka kitakoni. Kigurudumu cha gramu 300 kimefungwa sentimita 50 kutoka kitakoni, na mkono umeshika mbele yake, kwenye sentimita 60. Uzito wa fimbo huinamisha ncha kwa gramu 200 mara sentimita 70, sawa na 14,000. Kigurudumu huvuta upande wa nyuma kwa gramu 300 mara sentimita 10, sawa na 3,000. Mkono hubaki na 11,000 za kuzuia.

Kigurudumu hicho kikibadilishwa kwa kingine cha gramu 500, mvuto wa nyuma huwa 5,000 na mkono hubaki na 9,000. Nafuu hiyo ni asilimia 18 hivi. Lakini uzito wote unaobebwa umepanda kutoka gramu 500 hadi gramu 700, yaani asilimia 40. Mvuvi amelipa mengi kwa nafuu ndogo.

Sasa kigurudumu kile kile cha gramu 300 kisogezwe nyuma sentimita 10 tu, na mkono ubaki pale pale wakati wa kusubiri samaki. Mvuto wa nyuma unakuwa gramu 300 mara sentimita 20, sawa na 6,000, na mkono hubaki na 8,000. Kigurudumu chepesi kilichosogezwa kimeshinda kigurudumu kizito kilichobaki mahali pake, bila kuongeza hata gramu moja.

Aidha, kama mkono umeshika pale pale kigurudumu kilipofungwa, uzito wake hausawazishi chochote. Ni kama kumwongezea mchukuzi ndoo ya tatu juu ya bega lenyewe.

Mfano wa mwisho ni wa fimbo ya mita 3 yenye gramu 150, ambayo hutulia sentimita 95 kutoka kitakoni. Kwa kigurudumu kile cha gramu 300 kwenye sentimita 50 na mkono kwenye sentimita 60, mkono hubaki na 2,250 tu, takriban moja ya tano ya mzigo wa fimbo ya mita 4. Hapo ndipo inapoonekana kwamba urefu wa fimbo huamua mizani kuliko kitu kingine chochote, na kigurudumu hukamilisha tu. Anayevua juu ya miamba hana sababu ya kubeba fimbo ya mita 4. Anayevua ng'ambo ya mafunjo anaihitaji, na busara kwake ni kuchonga mti wenye panda, kuusimika mbele yake na kulaza fimbo juu yake, badala ya kununua chuma zaidi.

Aina tatu za vigurudumu

Vigurudumu vinavyouzwa ni vya aina tatu kubwa. Ya kwanza ni ngoma inayozunguka kwenye mhimili wake bila meno ya gia. Ngoma hiyo ilipata umaarufu Uingereza katika karne ya 19, hasa kwenye Mto Trent karibu na mji wa Nottingham, ambako mkondo wa maji huchukua chelezo na kuvuta mshipi taratibu. Ni zana nzuri kwa mto. Kwenye ghuba tulivu ya ziwa hakuna mkondo wa kuizungusha, na kurusha nayo kunahitaji mazoezi marefu.

Ya pili ni ile ambayo bobini yake haizunguki wakati wa kurusha. Mshipi huchomoka wenyewe kutoka ukingoni mwa bobini, kama uzi unavyochomoka kwenye bobini za viwanda vya nguo. Ufanano huo si wa bahati. Aliyeipatia hataza mwaka 1905, Alfred Illingworth wa Bradford nchini Uingereza, alitoka katika biashara ya viwanda vya nyuzi. Kwa kuwa hakuna ngoma ya kuzungusha, hata chelezo chepesi huweza kuivuta nyuzi hiyo na kwenda mbali. Kwa mvuvi wa chelezo wa Mwanza, hiyo ndiyo inayofaa.

Ya tatu ni ngoma yenye gia, ambayo huzunguka mara kadhaa kwa kila mzunguko mmoja wa mkono. Ni nzito na ina nguvu, na hutumiwa zaidi kuburuta chambo nyuma ya boti kwa ajili ya sangara, samaki anayeweza kuzidi kilo 100. Watalii wanaokwenda kuvua sangara katika Kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, hutumia zana za nguvu za namna hiyo kwa kibali. Fimbo zao ni fupi na nene, na muda mwingi huwa zimechomekwa kwenye boti. Hazishikwi mkononi saa nzima, hivyo uzito si tatizo. Kosa la mnunuzi wa mjini ni kuchukua kigurudumu cha sangara na kukifunga kwenye fimbo nyembamba ya sato.

Sato hula karibu na ukingo, na mara nyingi huigusa ndoano kwa upole. Chelezo hutikisika, huzama kidogo, au hulala ubavu. Mkono uliochoka hutetemeka, fimbo hutikisa mshipi, na mshipi hukitikisa chelezo, kiasi kwamba mvuvi hawezi tena kutofautisha samaki na uchovu wake mwenyewe.

Namna ya kupima dukani

Nambari zilizoandikwa kwenye vigurudumu, kama 1000, 2500 au 4000, huonyesha ukubwa kwa makadirio ya mtengenezaji, wala si kipimo cha pamoja cha dunia nzima. Kigurudumu cha 2500 cha kampuni moja kinaweza kuwa sawa na cha 3000 cha nyingine. Kwa uvuvi wa chelezo, ukubwa wa kati ya 2000 na 3000, wenye uzito usiozidi sana gramu 300, hutosha.

Mnunuzi aombe fimbo ifungwe kigurudumu chenye mshipi ndani yake, kwa kuwa bobini tupu hudanganya. Kisha alaze fimbo juu ya kidole kimoja na kutafuta mahali inapotulia. Kadiri mahali hapo panapokaribia sehemu ya kushika, ndivyo mizani ilivyo bora. Baada ya hapo aishike kama anavyoishika ziwani, bila kuegemea kitu, kwa muda wa dakika 5. Kifundo cha mkono kikianza kuuma dukani, ziwani kitauma zaidi.

Vilevile aangalie kama mpini una pete za kusogeza, zinazoruhusu kigurudumu kwenda mbele au nyuma. Fimbo nyingi huwa na kiti kisichosogea, na hapo mnunuzi hana marekebisho mengine isipokuwa kubadili mahali pa kushika. Wakati wa kurusha, mkono hurudi kwenye kigurudumu ili kidole kifikie mshipi, hivyo kigurudumu kisisogezwe nyuma kiasi cha kukifanya kitendo hicho kiwe kigumu.

Jambo linalofuata ni mshipi. Miamba ya Mwanza hukwaruza, kwa hiyo mshipi mwembamba mno hukatika upesi. Unene wa milimita 0.25 hivi ni wastani mzuri kwa sato. Bobini ijazwe hadi ibaki milimita 1 au 2 kufikia ukingo. Ikiwa tupu mno, mshipi hukwama ukingoni na kurusha hufupika. Ikijaa mno, mshipi humwagika na kufanya mafundo.

Mwisho ni breki. Kanuni ya kawaida ni kuikaza ili iachie mshipi kwenye robo ya nguvu inayoweza kuukata. Mshipi wa kilo 4 uachie kwenye kilo 1. Mizani haihitajiki, kwani chupa ya maji ya lita 1 ina uzito wa kilo 1 hivi. Ifungwe kwenye ncha ya mshipi na kuinuliwa: breki iachie taratibu, bila kushtuka.

Breki hiyo ina kazi nyingine isiyotajwa sana. Kanuni za uvuvi nchini zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya sentimita 25. Kwa mshipi na chelezo, mvuvi hajui aliyenasa hadi amwone. Zana nyepesi yenye breki laini humleta samaki mdogo akiwa mzima, akaweza kupimwa kwa rula, kuchomolewa ndoano na kurudishwa majini akiwa hai. Zana ya sangara humng'oa mdomo. Anayetaka kufahamu taratibu za leseni na maeneo yanayoruhusiwa anashauriwa kumwona ofisa uvuvi wa eneo lake kabla ya kwenda ziwani.

Kwa kifupi, mnunuzi na aanze na ukingo atakaosimama, achague fimbo fupi kuliko zote inayomwezesha kubaki nchi kavu, kisha aifungie kigurudumu chepesi kuliko vyote kinachobeba mshipi anaouhitaji. Kilichobaki ni kusogeza mkono sentimita chache mbele au nyuma, na hilo halina gharama.